Gari Linapolia: Kutafuta Chanzo cha Mlio Kabla ya Kununua Vipuri

Gari linapoanza kulia kwa ndani, mwenye gari aghalabu hufuata mojawapo ya njia mbili. Wa kwanza huogopa. Huingia gereji bila kujua anachokitafuta, hutoka amebadilishiwa shokapu mbili na bushi nne, na mlio humsindikiza hadi nyumbani kwa sababu ulikuwa ni kishikizo cha plastiki nyuma ya redio. Wa pili huzoea. Huongeza sauti ya redio, mlio ukafunikwa, safari ikaendelea. Kumbe anaendesha gari ambalo boljointi yake inakaribia kuchomoka.

Wote wawili wamekosa jambo moja, nalo ni kujua mlio unatoka wapi. Makala haya yanaeleza namna ya kulijua hilo kwa gharama ndogo, na yameandikwa kwa kuwafikiria hasa wamiliki wa magari madogo ya Mwanza na miji mingine ya kandokando ya Ziwa Victoria. Hatukusudii kumgeuza mlaji kuwa fundi. Tunachotaka ni kwamba anapofika kwa fundi aweze kusema, “Unatoka mlango wa kushoto nyuma, na hukoma kioo kikifungwa,” badala ya kusema, “Gari langu linalia.” Kauli ya kwanza humpa fundi kazi ya nusu saa. Ya pili humpa ruhusa ya kubahatisha kwa fedha za mteja.

Kwa nini magari yetu hulia

Magari mengi madogo katika barabara zetu yaliagizwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika huko kwa miaka mingi. Plastiki za dashibodi na za milango hukakamaa kadiri zinavyopigwa na jua na kuzeeka; raba zilizowekwa ili zisigusane hukauka na kunywea. Gari la namna hiyo likishushwa bandarini Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kabla halijafika Mwanza.

Kisha zipo barabara zenyewe. Lami ya kwenda Musoma kupitia Kisesa, Magu na Lamadi, na ile ya kwenda Shinyanga kupitia Usagara na Misungwi, ni njia nzuri, lakini kila kijiji kina matuta yake na rasta zake. Ndani ya jiji, mtu akiacha lami tu hukutana na mawe. Mwanza imejengwa juu ya miamba na katikati yake, na vichochoro vya Mabatini, Igogo au Isamilo hupanda vilima vyenye mawe yaliyojitokeza. Gari linalopanda huku gurudumu moja likiwa juu ya jiwe na jingine shimoni hujipinda kidogo bodi yake, na kila kiungo cha plastiki kilichomo ndani hulazimika kufuata. Hali hiyohiyo hulipata gari linaloegeshwa usiku kucha likiwa limeinama mtelemkoni. Ndiyo maana baadhi ya wakazi wa vilimani husikia mlango ukilia asubuhi wanapoufungua, mlio ambao mchana gari likiwa tambarare hausikiki kabisa.

Sababu ya tatu haitajwi sana, nasi tungependa itajwe zaidi, kwa kuwa ni ya mikono ya watu. Gari likishanunuliwa, hufunguliwa. Fundi wa redio hufungua dashibodi ili aweke redio yenye skrini kubwa. Fundi wa alamu hufungua chini ya usukani. Anayeweka tinti hulegeza raba za vioo na pengine hufungua milango. Anayefunga kifaa cha kufuatilia gari hutafuta mahali pa kukificha. Kila kipande cha plastiki kilichofunguliwa kilikuwa kimeshikiliwa na vishikizo vidogo, na vishikizo vya gari la miaka kumi na tano huvunjika kwa urahisi. Fundi mwenye haraka hurudisha kipande kikiwa na vishikizo vitatu badala ya sita. Siku hiyo gari halilii, bali huanza kulia baada ya mwezi mmoja, na kufikia hapo hakuna anayekumbuka tena siku ya redio. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: ni lini gari lilifunguliwa mara ya mwisho, na kwa kazi gani?

Milio ni ya aina mbili

Upo mlio wa kusuguana na upo mlio wa kugongana. Wa kusuguana hutokea pale vitu viwili vilivyobanana vinapotaka kuteleza. Hushikana kidogo, huachiana ghafla, kisha hushikana tena, mara nyingi sana katika sekunde moja; ndiyo kanuni ileile inayofanya kiatu kipya kilie sakafuni. Huwa ni mlio mwembamba, na aghalabu hubadilika kwa joto na unyevu: asubuhi yenye ubaridi husikika, mchana hupotea, au kinyume chake.

Mlio wa kugongana hutokea pale penye nafasi kati ya vitu viwili. Gari likitikisika, kimoja hukipiga kingine. Husikika kama kayamba, au kama kijiko ndani ya kikombe, au kama kidole kigongacho meza.

Tofauti hii ina maana katika tiba. Mlio wa kugongana huondolewa kwa kuziba nafasi au kwa kukaza kilicholegea. Mlio wa kusuguana huondolewa kwa kutenganisha vitu hivyo viwili, au kwa kuvifanya viteleze bila kushikana. Anayekaza skrubu palipo na mlio wa kusuguana huweza kuuongeza, naye atashangaa kwa nini.

Kwanza, toa kila kitu

Kabla ya jambo lolote, egesha gari kivulini na utoe kila kitu kisichofungwa. Toa vilivyomo kwenye mifuko ya milango, kisanduku kilicho mbele ya abiria, kisahani cha majivu, nafasi iliyo chini ya siti na buti nzima pamoja na kilicho chini ya kapeti lake. Sogeza siti mbele hadi mwisho, angalia reli zake. Kisha zirudishe nyuma, angalia tena. Hatutanii tukisema kwamba sehemu kubwa ya safari za gereji ingeishia hapa. Hutoka sarafu, gololi za watoto, chupa za maji zilizobingirika chini ya siti, vizibo vya soda, na wakati mwingine nati iliyosahauliwa na fundi aliyetangulia.

Gurudumu la akiba, jeki na spana yake vistahili kutazamwa peke yake. Katika magari mengi jeki ina mahali pake maalumu na hukazwa kwa kuifungua kidogo mpaka ibane. Ikitupwa tu pembeni, hupiga bati kila gari linapopita juu ya tuta, na sauti yake husafiri ndani ya bodi tupu ya nyuma hata mtu akaapa kwamba ni shokapu. Vifunge vifaa hivyo kwa kipande cha kanga kuukuu au gunia safi, kaza kifungio cha gurudumu, kisha endesha. Ikiwa mlio umekoma, kazi imekwisha na hukutumia hata shilingi.

Kusikiliza kwa utaratibu

Mlio ukiendelea, andika. Daftari dogo au simu yatosha. Andika mlio unasikika saa ngapi, gari likiwa limepoa au limepata moto, barabara ya aina gani, mwendo gani, ukiwa peke yako au na abiria. Siku tatu za kumbukumbu za namna hii zina thamani kuliko siku nzima ya kubahatisha.

Kisha fanya majaribio, na kila mara badilisha jambo moja tu. Chagua kipande cha barabara unachokijua, kisicho na magari mengi; Barabara ya Nyerere saa kumi na moja jioni si mahali pake. Zima redio, zima feni, funga vioo. Mpe mtu mwingine anayejua kuendesha usukani, nawe ukae upande unaoushuku. Asiwepo mtu wa kuingia ndani ya buti gari likitembea, wala asilazwe mtoto huko “asikilize.” Tumeyasikia hayo yakipendekezwa, na ni ya hatari.

Jaribio la kwanza ni la gari lililosimama. Washa injini, weka gia huru, vuta breki ya mkono, kisha kanyaga mafuta polepole. Mlio ukitokea gari likiwa halitembei, basi barabara haihusiki; tafuta kitu kinachotetemeshwa na injini. Mara nyingi utakuta mlio hutokea katika kiwango kimoja tu cha mzunguko wa injini, ukipita hapo hunyamaza. Hiyo ni alama ya bati jembamba au plastiki iliyolegea.

Jaribio la pili ni la feni. Mlio wa tik-tik-tik unaoongezeka kasi feni inapoongezwa ni jani, kijiti au mbegu iliyoingia kwenye feni, jambo la kawaida kwa magari yanayolala chini ya mwembe. Katika magari mengi ya Kijapani feni hiyo na kichujio cha hewa hufikiwa kwa kushusha kisanduku cha mbele ya abiria. Kifuniko cha kichujio kisiporudishwa vizuri baada ya kusafishwa, nacho hugongagonga.

Jaribio la tatu ni la barabara. Pita juu ya tuta pana kwa mwendo wa mtu anayetembea, magurudumu ya kulia na kushoto yakipanda pamoja. Kisha tafuta mahali ambapo gurudumu moja tu huingia shimoni. Kisha pita kwenye rasta kwa mwendo usiobadilika. Tuta huonyesha mambo ya shokapu, bushi na bodi nzima. Shimo la upande mmoja huonyesha mambo ya kujipinda. Rasta huamsha vitu vidogo vyepesi vya ndani. Wakati gari linapita kwenye rasta, abiria abonyeze kwa kiganja, sehemu moja baada ya nyingine: juu ya dashibodi, pembeni ya redio, nguzo ya kioo cha mbele, paneli ya mlango, kifuniko cha nyuma. Pale ambapo mkono ukiwekwa mlio hukoma, hapo au karibu na hapo ndipo penye ugonjwa. Tunasema karibu na hapo kwa sababu sauti ndani ya gari hudanganya. Hupita kwenye kioo na bati na kutokea mahali pengine, na mlio wa nguzo ya kushoto huweza kudhaniwa kuwa wa katikati ya dashibodi.

Wenye kuvuka kwa kivuko cha Kamanga, au kile cha Kisorya kwenda Ukerewe, wana nafasi ambayo wengine hawana. Injini ya kivuko hulitetemesha gari lililozimwa, na plastiki zilizolegea huimba zenyewe. Usikae ndani ya gari kivuko kikiwa majini kwa ajili ya jaribio hili. Simama kando, weka sikio karibu na dirisha lililo wazi, sikiliza. Waliokuwa wakivuka kati ya Kigongo na Busisi wameipoteza nafasi hiyo tangu daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, ingawa hatudhani kwamba kuna anayeililia.

Mahali panapolia zaidi

Dashibodi ndiyo inayolalamikiwa zaidi na ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa. Anza na redio. Ikiwa imebadilishwa, nyuma yake kuna fungu la nyaya na soketi za plastiki zinazoning'inia. Hizo hupiga ukuta wa dashibodi. Dawa yake ni kuzifunga pamoja kwa utepe wa kitambaa na kuzizungushia kipande chembamba cha sponji. Fremu ya redio yenyewe, ikiwa haikukatwa sawasawa kulingana na nafasi, husuguana na dashibodi. Ukanda mwembamba wa kitambaa kizito uliobandikwa ukingoni huinyamazisha. Pale dashibodi inapokutana na kioo cha mbele, mlio wa kusuguana wakati wa ubaridi wa asubuhi hutibika kwa kuingiza ukanda mwembamba wa raba laini.

Lakini zingatia: nyuma ya dashibodi, ndani ya usukani, na katika magari mengine ndani ya nguzo na pembeni mwa siti, mna mifuko ya hewa ya kujikinga na ajali. Nyaya zake huwa na soketi za rangi ya manjano. Mlaji asizichomoe wala asizivute. Kazi yoyote inayozifikia ifanywe na fundi anayezijua, waya wa betri ukiwa umetolewa na muda wa dakika kadhaa ukiwa umepita. Taa ya mfuko wa hewa ikiwaka kwenye dashibodi baada ya kazi ya redio au siti, rudisha gari kwa aliyeifanya siku hiyohiyo.

Milango huja ya pili. Teremsha kioo nusu, pita njia ileile. Kipandishe hadi mwisho, pita tena. Mlio ukibadilika, kioo kimelegea katika njia yake, au njia hiyo imejaa vumbi. Safisha kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, acha ikauke, kisha puliza dawa ya silikoni. Mlio usipobadilika, tazama pale mlango unapojifunga: kile chuma kilicho kwenye nguzo ambacho kitasa hukishika. Kikikauka na kushika vumbi hulia kila bodi inapojipinda. Kifute, kipake grisi kidogo sana, jaribu. Kazi hii ya dakika mbili imewanyamazisha wengi waliokuwa wameambiwa wabadilishe raba zote za milango. Raba hizo nazo zifutwe na kupakwa silikoni, hasa miezi ya kiangazi ambapo vumbi la barabara za udongo huingia kila mahali.

Mikanda ya siti ambayo haijavaliwa hugonga plastiki ya nguzo kwa kile chuma chake. Ifunge hata kama siti ni tupu. Usitie mafuta kwenye kifungio cha mkanda wala usibandike solatepu kwenye mkanda wenyewe. Mlango wa nyuma wa magari mafupi kama Vitz na IST una raba mbili ndogo za kuegemea. Zikisinyaa, mlango hucheza. Katika magari mengi raba hizo huzungushwa kwa mkono na kuinuka kidogo. Vizuia jua, taa ya ndani na vishikio vya juu havihitaji maelezo marefu. Vibonyeze kimoja kimoja.

Kuhusu vitu vya kutumia, utepe wa kitambaa, kitambaa kizito, sponji ngumu na silikoni ya kupuliza hutosha kwa karibu kila kitu. Kipande cha ndala kuukuu kilichokatwa vizuri ni bora kuliko sponji ya godoro, kwa kuwa hakinyonyi maji. Epuka gundi kali ya haraka: huacha weupe kwenye plastiki na humfanya fundi atakayekuja baadaye avunje kila kitu. Epuka mafuta ya kupikia, oili ya injini na dizeli kwenye raba. Mafuta ya petroli na jamii yake hulainisha na kuvimbisha raba nyingi, tena hukusanya vumbi. Kwa sababu hiyohiyo tunawashauri walaji wakatae desturi ya baadhi ya sehemu za kuoshea magari ya kupuliza dizeli au oili chafu chini ya gari ili “ling'ae.” Bushi za mpira ndizo hulipa gharama ya mng'ao huo, na mabaki yake huteremka na maji kuelekea ziwani. Silikoni nayo isipulizwe kwenye diski za breki, pedali, usukani wala sakafu mahali miguu inapokanyaga.

Milio isiyotoka ndani

Hapa tunaomba usomaji wa makini zaidi, kwa kuwa ipo milio inayosikika kama ya ndani nayo ni ya chini ya gari, na baadhi yake haitaki kusubiri.

Mlio wa bati unaosikika gari likiwa limesimama, injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, mara nyingi ni bati la kukinga joto la ekzosi lililooza kwenye skrubu zake. Hulia vibaya lakini ni kazi ndogo. Hukazwa kwa klempu ya chuma, kamwe si kwa kamba ya plastiki. Bati hilo lisitolewe na kutupwa, kwani lipo ili joto lisifike sakafuni na kwenye mabomba.

Mgongo wa tok-tok gurudumu moja linapoingia shimoni, ambao hupungua sana gari linapopita tuta pana kwa magurudumu yote mawili, huelekeza kwenye vijiti vya kuunganisha stabilaiza, ambavyo mafundi huviita linki. Kwenye tuta pana magurudumu hupanda pamoja na stabilaiza haijipindi; kwenye shimo la upande mmoja hujipinda. Linki si kipuri cha gharama kubwa katika magari madogo. Anayeambiwa abadilishe shokapu kwa dalili hiyo aombe kwanza linki zikaguliwe.

Mlio unaokoma pale unapogusa pedali ya breki kidogo huashiria pedi au kalipa iliyolegea. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma wakati wa kufunga breki maana yake pedi zimekwisha. Mlio wa kata-kata usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho huelekeza kwenye kiungo cha nje cha shafti inayozungusha gurudumu.

Na ipo boljointi. Dalili zake ni mgongo mzito upande wa mbele, usukani unaocheza au kuvuta, na tairi linaloliwa upande mmoja. Boljointi ikichomoka, gurudumu hulala, na dereva hana usukani tena. Magari yaliyoinuliwa kwa kuwekewa vipande juu ya springi ili yasiguse mawe yaangaliwe mara nyingi zaidi, kwa sababu kuinua huko hubadilisha pembe ambayo boljointi na shafti hufanya kazi. Mgongo mzito ukiambatana na mabadiliko yoyote ya usukani au breki, usiende nalo safari ya Musoma kwa nia ya kulitazama ukirudi. Liegeshe, mwite fundi alipo gari. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, stendi ndiyo ya kushikilia.

Unapofika kwa fundi na dukani

Nenda na kumbukumbu zako, na umwombe fundi aendeshe gari mkiwa wote ndani hadi mlio usikike. Fundi anayetaja kipuri kabla ya kuusikia mlio anakisia. Kisha kubalianeni mambo matatu kabla spana haijashikwa: kinachofanywa, gharama ya ufundi mbali na ya kipuri, na itakuwaje mlio ukibaki. Hilo la tatu huwaonea haya wengi. Liulize kwa adabu, lakini liulize. Fundi mwaminifu atasema wazi kwamba kubadilisha linki kutaondoa mgongo wa mbele, si mlio wa dashibodi.

Omba urudishiwe kipuri cha zamani. Si kwa kumshuku mtu. Kipuri kilichokwisha huonekana kwa macho, na boljointi iliyochakaa hucheza mkononi wakati nzima huwa nzito kuisogeza. Ukinunua vipuri mwenyewe, muuzaji aseme ni vipya au vilivyotumika, na maneno hayo yaandikwe kwenye risiti. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki, kwa kuwa bila hiyo malalamiko hubaki kuwa neno la mmoja dhidi ya jingine. Boksi lenye nembo ya kampuni kubwa, maandishi yenye makosa ya herufi na bei iliyo chini mno ya maduka mengine ni sababu tosha ya kusita, hasa kwa vipuri vya breki na usukani.

Anayekwenda kununua gari lililotumika hapa mjini aulize kwanza kama linaweza kuendeshwa redio ikiwa imezimwa. Muuzaji anayewasha muziki mara tu mlango unapofungwa huenda anapenda muziki. Zima hata hivyo. Lipitishe kwenye lami, kisha kwenye mawe, kisha kwenye tuta. Tazama kingo za plastiki za dashibodi na milango kama zina alama za bisibisi. Milio ya ndani si sababu ya kuliacha gari zuri, lakini ni sababu halali ya kuzungumza bei, na mgongo wa chini ni sababu ya kumlipa fundi wako mwenyewe alikague kabla fedha hazijabadilisha mikono.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mlaji, na hilo linahusu kipuri kilichotumika kinachouzwa kama kipya sawasawa na linavyohusu bidhaa nyingine yoyote. Rudi kwanza kwa aliyekuuzia au aliyekufanyia kazi, umpe nafasi ya kurekebisha, na uandike tarehe uliyokwenda. Akikataa, lalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Na lile la ubora hafifu wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania, ambalo lina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Beba risiti, kipuri chenyewe pamoja na boksi lake, namba ya usajili wa gari, na kilomita zilizokuwa zikisomeka kwenye dashibodi siku kazi ilipofanywa na siku mlio uliporudi.